Bega Langu na Utukufu wa Pasaka

Ifakara, Jumamosi, Machi 1996
(Nachapa kutoka daftari langu la zamani, bila kurekebisha.)

Mvua inanyesha tangu alfajiri, mtaa wetu wa Lipangalala wote ni tope, na mimi nina furaha ya mtu aliyepona nusu.

Nusu, lakini furaha ni nzima.

Nianze na aibu yangu. Tangu Krismasi mkono wangu wa kulia ulikuwa haupandi kupita kifua. Nywele nilichanwa na binti yangu, kilemba nilifungwa. Kanisani nikawa naongoza kwaya mkono ukiwa tumboni, na sikumwambia mtu. Niliogopa. Deo, msaidizi wangu kutoka Kibaoni, ana mikono miwili mizima na sikio zuri la muziki, na kwaya hii nimeilea miaka kumi na mmoja. Sikutaka ninyang'anywe kwa sababu ya bega.

Kwaresima ilipoanza, kwaya ikawa inaimba chinichini kama watu waliofiwa. Nikawagombeza kila Jumamosi: wavivu, hamjala? Paroko yeye alisifu, akasema mwaka huu kwaya imeingia Kwaresima kwa unyenyekevu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ila mimi niliumbuliwa na waimbaji wa sauti ya kwanza. Mama Fides, mkongwe wao, alinivuta pembeni. "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha? Mkono ukipanda tupande, ukishuka tushuke. Sasa mkono wako unashinda tumboni kama wa mtu anayeumwa tumbo. Sisi tufanyeje?"

Walikuwa wananitii.

Kesho yake nikaenda hospitali. Daktari akasema bega limeganda. Nikacheka: kwa joto hili la Ifakara, nani anaganda? Akanieleza kuwa utando unaozunguka kiungo umekakamaa. Atachoma sindano humo ndani kupunguza maumivu, kazi iliyobaki ni yangu. Dada yangu alishaniapia kuwa sindano ya kwenye kiungo inapoozesha mtu. Nilifumba macho nikaanza Salamu Maria. Ya pili sikuimaliza, sindano ilikuwa imeshatoka.

Hizo ni wiki tatu zilizopita. Kila asubuhi nasimama ukutani kando ya mlango, napandisha vidole kidogo kidogo mpaka panapouma, kisha naweka alama ya mkaa. Baba Kalisto, mume wangu, analalamika kuwa sebule imekuwa jiko. Lakini ndiye anayekagua alama kabla hata ya kunywa chai.

Leo mazoezini niliomba radhi. Niliwaambia yote: bega, woga wangu, na jinsi nilivyowaonea. Deo akaangua kicheko. "Mwalimu, mimi nilidhani ni staili mpya! Nimeshaanza kuiiga nyumbani."

Na mimi miezi yote hiyo nilikuwa namkimbia huyu.

Tukaanza Utukufu, ule wa Pasaka, wimbo usioimbwa kwenye misa za Kwaresima. Mkono ukafika usawa wa bega, sauti zikafika. Ukafika usawa wa sikio, zikafika. Hapo ukagoma. Zilikuwa zimebaki noti za juu kabisa, na kwaya nzima inanitazama mkononi. Nikausukuma. Maumivu yakanichoma hadi kisigino, nikapiga ukelele, "Mama wee!" na wao wakapasua paa. Kuku wa paroko walitawanyika kwenye mvua. Mwenyewe akatokea mlangoni na mwavuli, akauliza Pasaka imefika lini.

Nililia kidogo. Sikujificha.

Nimerudi nyumbani nikapima tena. Alama ya leo iko vidole vinne chini ya fremu ya juu ya mlango, na zimebaki wiki mbili kabla ya Pasaka. Nitafika, nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nisipofika, nimeshamwambia Deo asimame kando yangu siku hiyo, anyanyue mkono wake pale wangu utakapoishia.