Oda Niliyoiimba Mwanjelwa

Mjukuu wangu Atupele,

Hapa Ilomba tumeamka salama, baridi tu ndiyo imezidi, na mama yako keshavuna viazi. Umeniuliza utaiwezaje kazi ya mgahawa hapo Iringa mjini wakati mbele ya wateja sauti haitoki. Hilo umerithi kwangu.

Nikiwa binti wa rika lako, shangazi alinipa kazi kwenye mgahawa wake Mwanjelwa. Oda tulizipaza kutoka mezani mpaka jikoni, nami Kinyakyusa cha nyumbani na Kiswahili cha shule vyote viligoma mdomoni. Mchana mmoja, watu wamejaa, shangazi akafoka, "We binti, usipoita sasa hivi, kesho unarudi kijijini!"

Mahali pekee nilipowahi kupaza sauti ni kwenye kwaya. Basi nikafumba macho, nikaimba: "Wali maharage, meza ya dirishaniii!"

Kisha jikoni besi nzito ya mpishi ikaitikia: "Unakujaaa!"

Wateja walipiga makofi hadi wauza mitumba wa nje wakaja kuchungulia, wakakaa, wakaagiza. Kijijini sikurudi!

Sijui sauti yako imejificha wapi, ila ipo. Mpishi yule, babu yako, anakusalimu sana. Hadi leo nikimwita mezani, anaitikia, "Nakujaaa!"

Bibi yako