Abiria wa Uongo Steji ya Meru

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, wewe na baba, na kwamba mvua imefika Kiritiri na ndengu zimeota. Mimi huku Meru mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Simu yangu hushiki tangu azikwe Cucu, na sikulaumu. Nilifika watu wameshaweka maua kaburini. Ulinitazama mara moja, ukageuza uso.

Mama, siku hiyo niliamka mapema. Kwenye steji nilikuta matatu ya Embu imebakisha kiti kimoja. Makanga akaniambia, "Ingia siste, ni wewe tulikuwa tunangoja." Nikalipa, nikaketi kando ya mama mmoja aliyevaa vizuri, mkoba mapajani. Akaniuliza ninaenda wapi na nguo nyeusi. Nikamwambia ninaenda kumzika Cucu, nyanya aliyenilea. Akanishika mkono. "Pole sana. Mungu atakufikisha."

Gari halikutoka. Akaja abiria mwingine, yule mama akashuka bila kuniaga, kiti kikapata mwenyewe. Wakaja wawili, wakashuka wawili. Hapo ndipo nikaelewa: karibu gari lote lilijazwa watu wa kukodishwa, ili sisi wajinga tudhani linaondoka.

Nikashuka kudai nauli yangu. Makanga akacheka. "Hapa pesa ikiingia haitoki."

Yule mama nilimwona ameshaketi kwenye matatu ya nyuma, anaongea kwa upole na msichana aliyebeba mtoto mgonjwa. Nikaenda dirishani.

"Ulijua ninaenda kuzika."

Hakuinua macho. "Hii ni kazi, dada. Mimi pia nina watoto."

Nikaondoka dirishani, Mama. Shida ninaijua, umetulea nayo. Lakini mkono wangu alioushika nilienda nikaunawa kwenye mfereji wa maji chooni, na bado niliuona mchafu.

Yule msichana nilimwambia ukweli, akashuka. Tukasimama barabarani na mtoto wake analia, hadi lori la ndizi likatuonea huruma. Lilikwenda polepole. Embu nilimwacha msichana na mtoto wake mlangoni pa hospitali, nikachukua boda, nikakuta mmemaliza.

Mbele ya waombolezaji ningeanzia wapi kueleza haya?

Nisalimie baba, na shangazi aliyeongoza nyimbo, na kaka yangu aliyebeba msalaba. Wao walinikumbatia. Ninakungoja wewe. Nipigie, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi binti yako,
Wanja