Mmea Wenyewe Haujaambiwa

Karakana ya Vibao,
Mkabala na Duka la Miwani.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kifaurongo,

Pokea salamu tele kutoka kwa kaka yako mwenye rangi kwenye kucha. Hujambo huko uliko? Kile kifua kimetulia, au bado unakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamfanyia ukaidi akipanda ngazi, lakini ulimi haujapata baridi yabisi, tunashukuru. Mimi siku hizi tumbo linatangulia mlangoni, mwenyewe nafuata.

Barua yako ilifika, tukaisoma mezani tukinyang'anyana. Raha tupu, mpaka tulipofika mwisho. Mama akaisogeza karibu na macho, akaivuta mbali, akauliza, "Haya yote nimeyaelewa. Na huyu aliyetia sahihi ni nani?"

Nikamweleza kwamba ndilo jina walilokupa kazini, kwa kuwa lako linawashinda kutamka, nawe umeshalizoea. Jina fupi kama chafya. Mama akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha taratibu. Hilo nitalirudia. Kwanza nikupe la kucheka, na wa kuchekwa ni mimi.

Wifi yako alipata oda kubwa. Kile kitalu chake cha nyuma ya nyumba, ulichokuwa ukikiita msitu wa makopo, sasa kimekuwa kitalu kweli. Chuo cha ualimu kilimwagiza minazi ya mapambo, ile minazi isiyojua nazi ni nini, ipandwe kandokando ya njia kutoka getini hadi ofisini. Na kila mmoja uwe na kibao chenye jina lake la kitaalamu, ili wanafunzi wasome wakipita. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita wifi yako "mtaalamu" badala ya "mama maua". Akawa anamwagilia huku anaimba, na unajua sauti yake ilivyo. Hata majirani walijua kuna neema.

Vibao avichore nani? Mume yupo, tena wa bure. Hapo ndipo alipokosea.

Aliniachia karatasi ya majina, akaenda kufuata mbolea. Nikayatazama. Roystonea regia. Phoenix dactylifera. Nikajiuliza, mbona yamewekwa kichwa chini miguu juu? Mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba mmea una jina la ukoo na jina lake binafsi, na kwamba Roystonea ni ukoo. Sasa tangu lini mtu akaanza kujitaja kwa ukoo? Jina lako kwanza, ukoo unakuja nyuma. Nikasema maskini mke wangu amechoka, ngoja nimsitiri. Nikayageuza yote. Regia Roystonea. Dactylifera Phoenix. Herufi nyeupe juu ya kijani, zimenyooka kama askari wa gwaride. Nikavipeleka mwenyewe, nikavisimika, nikarudi nikijipongeza njia nzima.

Kesho yake mwalimu wa mimea, mama mrefu mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akatuita. Tulimkuta mbele ya mnazi wa kifalme, mikono nyuma.

"Roystonea namfahamu," akasema. "Huyu Regia ni mtoto wa nani?"

Wifi yako akanigeukia. Lile jicho unalijua, liliwahi kukupata siku ulipovunja birika.

"Kwenye mimea ukoo hutangulia," mwalimu akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto wa chekechea. "Kwanza watu wako, ndipo wewe."

"Nilidhani ni makosa ya mwandishi," nikajitetea.

"Ni ya mwandishi kweli," wifi yako akasema. "Na mwandishi ndiye wewe."

Mwalimu hakutuficha. Mkuu wa chuo angekagua Ijumaa, na ni mtu wa kusoma kila kitu. Akiona majina yamepinduka, atasema aliyeleta miche hajui alicholeta, na minazi yote itarudi ilikotoka. Wifi yako alitangulia mbele mpaka nyumbani, hakugeuka hata mara moja. Angenitukana ningemshukuru.

Nikaanza kufuta na kuandika upya, kimya kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani. Nikakifikia kibao cha ule mnazi wa vishina vingi vya njano, ambao karatasi iliuruka na mjini kote unaitwa Areka. Nikachovya brashi niandike Areka, nikashikwa mkono.

"Areka halisi ni mpopoo, ule wa popoo za kutafuna," wifi yako akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu chuoni. "Huu umeazima jina tu."

"Basi unaitwaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Kitabu chake kilisema Dypsis lutescens. Cha mwalimu, alichotuazima, kipya zaidi, kilisema Chrysalidocarpus lutescens. Tukafungua kitabu kikuukuu kisicho na jalada, nacho kikasema Chrysalidocarpus! Ikabidi anifafanulie: zamani uliitwa hivyo, wataalamu wakauhamishia kwa akina Dypsis, na sasa wataalamu wengine wameurudisha.

"Kumbe mmea nao huolewa, ukaachika, ukarudi kwao na sanduku lake?"

Nilimwona anataka kucheka, akakumbuka kuwa amenuna, akafuta majani kwa nguvu.

"Na wenyewe unasemaje kuhusu kuhamahama huku?" nikamchokoza tena.

"Mmea wenyewe haujaambiwa," akajibu. Kisha kicheko kikamponyoka. Alicheka mpaka Mama akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo akili ziliturudi, zake na zangu. Akasema tuandike jina la sasa kwa herufi kubwa, kisha chini yake kwa ndogo, "Zamani: Dypsis lutescens", ili mwanafunzi mwenye kitabu chochote asipotee. Hilo Chrysalidocarpus nusura linimalizie kibao. Herufi za mwisho zimebanana kama watu chini ya mwavuli mmoja.

Ijumaa mkuu akapita na wageni, anasoma kibao baada ya kibao, midomo inacheza. Kwenye ule wa njano akasimama. Nikaificha nyundo nyuma ya mgongo. Akasoma mstari wa juu, akasoma wa chini, akamwomba wifi yako awaeleze wageni wake. Mdogo wangu, laiti ungemsikia! Aliueleza mmea ule kama anayemsimulia shoga yake.

"Asante, mtaalamu," mkuu akasema. "Na huyu ni msaidizi wako?"

"Ni mume," akajibu, "ila bado namfanyia uchunguzi."

Minazi imebaki, naye amerudi kuimba. Asubuhi iliyofuata nikakuta kibao kimening'inizwa kwenye stuli yangu ya kazi, kwa mwandiko wake unaopanda kilima: "Mume mbishi. Zamani: mchumba msikivu." Sijakitoa. Wateja wanakisoma kabla ya kuuliza bei.

Sasa tulirudie lile la jina lako. Sikugombezi. Huko kazini waache wakuite wanavyoweza, hata mnazi hauwezi kumsahihisha kila mpita njia. Ila wewe usianze kuamini kwamba umehamishwa ukoo. Mama hakukasirika, aliogopa kidogo tu, kwamba siku moja utapiga simu na yeye atauliza ni nani.

Ndiyo maana katika kifurushi hiki, chini ya soksi alizokufumia, utakuta kibao. Kitundike upande wa ndani wa mlango wako, pale unapochukulia funguo. Maneno ni yake, brashi ni yangu, na safari hii sikugeuza kitu. Juu ni ukoo wetu, maana watu wako kwanza, ndipo wewe. Katikati ni wewe, Kifaurongo, uliyekuwa ukijikunja kama mmea ule ukiguswa, na kujifanya umelala kila vyombo vilipotaka kuoshwa. Na chini, kwa herufi ndogo, nilimwuliza tuandike jina gani la zamani. Akafikiri, akasema niandike: "Zamani: huyo huyo."

Wifi yako anakusalimu, na anauliza kama chumba chako kina dirisha la kutosha mche mmoja. Wapwa zako wanakusalimu, na wanadai wewe ndiye shangazi pekee. Mama anakuombea usiku wako uwe wa joto, na riziki yako ikujue kwa jina.

Wako akupendaye, wa ukoo uleule,
Kaka.