Tai ya Meneja

Jumanne.

Mimi ni meneja wa mabosi wawili, ndugu Wairani wasiosalimiana, wenye mgahawa mmoja Edgware Road. Kila mmoja ananiita wake. London nzima nani ana cheo hicho?

Mpishi wao, Mwirani pia, alinicheka: "Kwetu zamani palikuwa na mfalme kama wewe. Majemadari walimgombania ili amri zao zipate muhuri wake." Nikacheka kumshinda.

Mchana bosi mkubwa akaleta barua ya kumfukuza Mama Furaha, mfagiaji wetu Mkongo, eti anampelekea mdogo mtu maneno. Ni uongo, najua. Nikatia saini, ile yangu yenye mkia.

Mama huyo ndiye hunifunga tai kila asubuhi, maana mimi sijui. Akaisoma barua, akanisogelea, akalikaza fundo mpaka nikakohoa.

"Kesho utajifunga mwenyewe, papa," akasema; kwao papa ni baba.

Nalala na tai shingoni. Nikiifungua, kesho mimi si meneja wa mtu.