Kadi Yako Imo Humu

Kwako dada yangu wa pekee,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba lile goti lako limeacha ukorofi. Mimi kwa mwili sijambo. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na bado anamfokea kila anayepita na viatu juu ya zulia lake. Najua umeshangaa kupata bahasha wakati simu ipo, lakini simu haibebi kadi, na humu ndani kuna kadi. Usiitupe, nitaieleza.

Unakumbuka shida ya funguo. Mama alikuwa akizificha zisiibwe, kisha anasahau alikozificha. Mara kwenye unga, mara ndani ya kiatu. Siku funguo zilipopotea kabisa nilimkuta barazani kwa mama mshonaji, jirani yetu, analia kwamba nyumba yake imemkataa. Ndipo mimi, huyu unayemwita Profesa Nyaya, nikaapa kumtengenezea mlango usiotaka ufunguo. Unagusisha kadi, kufuli linaachia.

Dada, nilichemsha vibaya. Nilinunua kwanza vile vishikizo vidogo vya buluu vinavyotumika badala ya kadi, kwa kupenda rangi tu. Nikavigusisha kwenye kisomaji, kile kidude cha mlangoni kinachosoma kadi, kimya. Nikabadilisha nyaya zote, kimya vilevile. Fundi redio wa pale kona alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia vishikizo vyangu ni vya mawimbi ya masafa ya chini na kisomaji ni cha masafa ya juu, hata nikivigonganisha mpaka kiama havitasikilizana, na kwamba mtu huchagua kisomaji kwanza, kadi baadaye. Nikajaribu simu yangu, nayo ikawa inatoa namba mpya kila nikiigusisha, mlango unanikana kama hatujawahi kuonana. Mwishowe nikachukua kadi nyeupe za kawaida, zenye namba isiyobadilika. Fundi alinionya kuwa mjuzi anaweza kuinakili namba hiyo, nisiitegemee penye mali. Nikamjibu kwetu cha kuiba ni zulia tu, na zulia lina mlinzi wake.

Nikaandikisha kadi yangu. Ya mama nikaishonea kwenye mkono wa sweta lake la kijivu, maana halivui. Nikaandikisha na yako, ingawa uko mbali. Mama akauliza ya baba iko wapi. Nikamkumbusha kwa upole kwamba baba tulimzika. Akaniambia hata kama, akirudi alale nje? Basi nikatengeneza na ya baba, nikaandika jina lake juu yake, na mama akampelekea mama mshonaji amtunzie Bwana Pasi, lile jina alilompa baba kwa ajili ya suruali zake zilizonyooka.

Ipo pia kadi kuu, niliyoipaka rangi nyekundu ya kucha. Ukiigusisha hiyo kwanza, kisha kadi nyingine, ile nyingine inaandikishwa. Kama ilishaandikishwa, inafutwa. Hiyo nilimkabidhi mama. Alikuwa akinung'unika kuwa amegeuzwa mgeni kwake, nikamwambia mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aingie. Nilimfundisha mpaka akaweza peke yake. Anasahau jina la mwiko anaopikia, lakini somo hilo hakulisahau, nami nikajiona mwalimu kwelikweli.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini ghalani, nikagusisha kadi yangu, kisomaji kikalia ule mlio mrefu wa kukataa. Nikasema ni nyaya tu. Nikatoa bisibisi, nikakifungua palepale barazani, nikapima kila kitu, kila kitu kizima. Ufunguo wa akiba ulikuwa ndani, msumarini. Nikabisha hodi. Mama akauliza ni nani, nikamwambia ni mimi, mwanao. Akanijibu kwa adabu kabisa, kwa ile sauti ya wageni, kwamba mwanawe yuko kazini na anayo kadi yake mwenyewe. Anayebisha hodi hawezi kuwa mwanawe.

Mama mshonaji akatoka kwake. Alisema asubuhi, nilipokuwa naoga, alimwona mama mlangoni na kadi mbili, ile nyekundu na nyingine nyeupe, akadhani anacheza. Mama alimnong'oneza kwamba kuna mwanamume analala chumbani kwa mwanawe, na yeye anamwondoa kabla mwanawe hajarudi.

Mlango haukuwa umeharibika, dada. Mama aliifuta kadi yangu vilevile nilivyomfundisha. Nilikaa pale barazani na bisibisi mkononi nikalia, na sioni haya kukuambia.

Mama mshonaji akafungua droo ya nyuzi zake, akanipa kadi ya baba. Nikaigusisha, mlango ukafunguka. Mama alikuwa amesimama sebuleni. Akaitazama kadi, akanitazama mimi, akatabasamu kwa namna ambayo sijamwona akitabasamu tangu msiba wa baba. Akaniita Bwana Pasi, akauliza mbona nimechelewa hivyo. Nami nikaitikia, dada. Nikamwomba radhi kwa kuchelewa.

Tangu hapo naingia kwa kadi ya baba na kukaa kwenye kiti chake. Kila jioni mama ananiuliza kijana mbona harudi, nami namwambia kazi zimembana, atakuja. Kadi yangu naweza kuiandikisha upya kwa dakika moja. Sithubutu, kwa sababu nikiingia nayo, atamwona yule mwanamume aliyemfukuza. Baba anamfurahia. Mimi ananiogopa.

Ulipotaka kuja nilikukataza, nikasema mama yuko sawa. Hayuko sawa, na mimi pia siko sawa. Njoo. Kadi yako ndiyo hiyo, hajaifuta, na jina lako bado analitaja. Ukifika usibishe hodi, tafadhali. Gusisha kadi uingie, akuone unaingia kama mtoto wa nyumba hii. Ukimsikia ananiita Bwana Pasi, usimsahihishe.

Nisalimie shemeji, na wapwa waambie mjomba wao anawawaza. Mama mshonaji anakusalimu sana. Mama naye yupo hapa kando yangu, anakusalimu, na ameniagiza nikuandikie kwamba usiwe na wasiwasi tena, baba yako amerudi nyumbani.

Ndimi mdogo wako,
Nyaya