Gari Halifiki

Homa Bay, Jumatano

Mpendwa Dada Rael,

Nakusalimu, na natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua nyonga yako haipendi usimame muda mrefu siku za baridi. Mahindi yamefikia wapi? Matiko bado anabishana na walimu wake? Kama anabishana, mwache, amenirithi mjomba wake. Sisi huku tu wazima. Liz, shemeji yako, anasema siku hizi nazunguka nyumbani nikihutubia viti, afadhali nikuandikie wewe nimpumzishe masikio.

Umesikia redioni kwamba ofisi yetu imefungwa. Miaka ishirini na mitatu nimeitumikia misaada ya serikali ya watu wengine. Nilianza karani wa stoo, nikamaliza afisa mkuu wa miradi ya Migori na Homa Bay, na barua ya kuniachisha kazi ilikuwa na mistari mitano. Usinipe pole. Nilikasirika wiki moja tu, kisha likatokea jambo lililonirudishia ujana.

Nilikwenda Lambwe kuiaga kamati ya maji. Gari la ofisi limeshachukuliwa, kwa hiyo nilipanda bodaboda, na hotuba ya matanga mfukoni. Niliwaambia wafadhili wameondoka, wajikaze. Mwenyekiti wao, mama mmoja aitwaye Bathsheba, alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nimemaliza, kisha wote wakacheka. Walicheka, Dada, hadi mzee mmoja akaketi chini. Bathsheba akaniita jaduong', mzee wa heshima, akanieleza kwamba pampu ya kisima chao imeharibika mara nne tangu tuiweke, na mara zote nne wameitengeneza wenyewe kwa vipuri vya dukani kwa Abdullahi, pale mjini.

Nikamuuliza mbona hawakuniambia. Akasema sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nikifika, napiga picha, naangalia saa, kwa sababu sheria ya ofisi ilitaka gari liwe limerudi kwenye lami kabla ya saa tisa. Kazi yao siku hizo, alisema, ilikuwa kupangusa vumbi kwenye kibao chenye bendera ya wafadhili ili wageni wasinune. Na mimi kila mwaka niliandika kwamba watu wa Lambwe bado wanahitaji kushikwa mkono.

Unajua nimesoma wanaoitukana misaada na wanaoisifu, na nimegombana na pande zote mbili, magazetini na hata kanisani. Sasa naona wote wanatusema kana kwamba sisi ni ndama. Huyu anataka tuachishwe ziwa, yule anataka tuendelee kunyonya. Hakuna aliyeuliza pampu hutengenezwa na nani. Nami nisijitoe, sikuuliza.

Kisha Bathsheba akauliza kwetu maji tunatoa wapi. Nikasema ni ile chemchemi ya bondeni, kina mama wanashuka kwenye mawe yenye utelezi na kupanda na jerikeni kichwani. Akanitazama kana kwamba mimi ni fundi cherehani aliyekutwa na suruali iliyopasuka. Akasema Jumamosi atakuja huko kwetu Ntimaru na mafundi wawili, waijengee chemchemi ukuta, bomba na ngazi. Mawe tutoe sisi, saruji tuchange, na chakula kipikwe cha kutosha kwa sababu Wajaluo hawajengi na njaa. Nimekubali nikiwa nimesimama. Tangu utotoni sijafurahi hivi.

Lakini siwezi kuja na furaha hii kabla hujajua jambo moja.

Mwaka 2012 chemchemi yetu ilikuwa nambari nne kwenye orodha ya kujengwa. Ilikatwa, nami nikaja Krismasi nikasimama uani nikafoka kwamba Bwana Henrik, bosi wangu mzungu, amewadharau Wakuria. Ukanichinjia jogoo kwa kuwatetea. Mwaka uliofuata wewe uliteleza kwenye yale mawe, na tangu hapo kila nyonga ikikuuma unamlaani Henrik.

Henrik hakukata. Alikuwa ameshaipitisha. Nilikata mimi, kwa kalamu yangu, nikaandika pembeni: gari halifiki. Nilikuwa nangoja cheo, nikaogopa wenzangu waseme Gisiri anapeleka maji kwa mama yake. Henrik aliniuliza mara mbili kama kweli barabara haipitiki, na mara zote mbili nikamwapia. Cheo nilipata.

Mtu uliyemlaani miaka yote hii ni mimi, Dada.

Jumamosi, ukitaka kunifungia mlango, funga. Bathsheba na mafundi wake wapokee, hawana kosa. Jogoo usimchinje. Jerikeni yako iache nje. Najua kwetu mwanaume hateki maji, na Bogonko jirani atasimama kwenye ua anicheke. Acha acheke. Maji ya kupikia siku hiyo nitashuka kuyateka mwenyewe, kwenye mawe yale yale, kabla ngazi haijajengwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na umpe Matiko barua hii aisome ukishaisoma wewe. Mungu akulindie hiyo nyonga.

Ni mimi mdogo wako,
Gisiri