Chumba cha Selina Kimebomolewa

Bertrams, Johannesburg
Oktoba 2018

Baba Thandi,

Chumba cha nyuma hakipo tena. Chumba cha Selina. Nyumba yenyewe imesimama, imepakwa rangi ya krimu, baraza inang'aa, na wapita njia wanasimama kuipiga picha. Ukienda nyuma unakuta nyasi. Nyasi za kununua, zile zinazokuja zimekunjwa kama mkeka.

Nina hasira na watu wengi, na wewe umo.

Unakumbuka tulipohamia hapa? Wenzako mliorudi nao kutoka uhamishoni walitafuta nyumba mpya zenye geti la umeme. Wewe ukaipenda hii ya wakati wa wachimba dhahabu, yenye paa la mabati linalovuja na mbao zinazolia ukikanyaga. Nilikuwa nimetoka Morogoro na masanduku mawili na mtoto mgongoni, nikakuambia nataka jiko linalofanya kazi. Ukanijibu, "Jiko litakuja, Mama Thandi. Kwanza tuijue nyumba." Jiko lilikuja baada ya miaka minne. Sijasahau.

Kila Jumamosi ulikuwa juu ya ngazi ukikwangua rangi. Ndivyo ulivyofika chumba cha nyuma, kile cha mfanyakazi wa ndani, chenye dirisha dogo kama la banda la kuku. Ulikwangua rangi ya kijani, chini yake ya bluu, chini yake ukakuta maandishi yaliyochorwa kwa msumari kwenye lipu. Ukaniita kwa sauti ambayo sikuijua. Nikaja mbio na mikono ina unga, nikidhani umeanguka.

Yalikuwa majina manne. Kando ya kila jina kulikuwa na vistari vya kusimama. Jina moja lilikuwa na kumi na moja, lingine tisa, lingine sita. La mwisho lilikuwa na viwili. Juu ya yote manne, bila kistari: Selina.

Uliuliza mtaa mzima. Uliuliza wazee wa kanisani, ukamuuliza hadi yule mama wa kiduka cha spaza pale kwenye robot, taa za barabarani, ambaye enzi hizo hata hakuwa amezaliwa. Miezi ikapita. Mwishowe akaja Lerato kutoka Soweto, mjukuu wa Selina, mwanamke wa makamo aliyevaa kofia yake ya kanisani kana kwamba amekuja kwenye mazishi. Akapiga magoti mbele ya ule ukuta, akaweka kidole kwenye jina lenye vistari sita.

"Huyu ni mama yangu," alisema. "Alinisimulia kwamba bibi alikuwa akichora mstari kila watoto walipokuja kumwona. Sheria haikuwaruhusu kukaa naye hapa. Nilidhani mama anatia chumvi."

Akavihesabu tena, polepole. Sita. Maisha yote ya utoto wake.

Wewe ulitoka nje. Nilikukuta umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na sikukuuliza kitu, maana nilijua unamfikiria mama yako aliyezikwa wewe ukiwa Tanzania. Jioni ile ulitengeneza fremu ya mbao ukaizungushia yale maandishi, na ukaanza kuandika daftari: nani aliishi hapa, nani alimpikia nani, nani alifukuzwa. Tangu hapo Lerato alikuja kila mwaka na dada zake. Walileta keki. Waliimba mle ndani, wamebanana, nasi tukawa ndugu.

Kisha ukaugua, ukaondoka. Hukuniachia mali ila nyumba hii. Uliniachia neno: "Wale watu wa kuhifadhi nyumba za kale wakija, wapokee. Ni watu wema, wanapenda historia." Nililishika neno lako kama wosia.

Wakaja. Mwanamke mwenye miwani mikubwa na msanifu majengo kijana mwenye viatu safi mno. Walisema nyumba za mtaa wetu zitahifadhiwa, watatengeneza paa na baraza, mimi nisitoe chochote. Nikawapa chai. Nikawapa daftari lako wakalipige picha. Nikawaonyesha ukuta, Baba Thandi. Niliwaonyesha kwa mkono wangu huu! Yule mwanamke alitoa machozi akasema ni hazina. Karatasi zikaja, kurasa nyingi, Kiingereza cha mawakili. Thandi akazipitia kwenye simu akiwa kazini, akaniambia, "It's fine, Ma, just sign." Nikatia sahihi.

Mwezi wa saba dada yangu alifariki, nikaenda Morogoro kuzika. Papa Kalonda akabaki kwenye chumba cha nyuma. Yule fundi cherehani kutoka Lubumbashi, uliyempangisha mwenyewe kwa sharti moja tu, kwamba asiegemeze kitu kwenye ule ukuta. Miaka yote ile hakuwahi kuegemeza hata kitambaa.

Nilikuwa bado matangani aliponipigia.

"Mama, bantu balifika na manyundo. Banabomoa chumba. Banasema weye ulitia sinyatire."

"Waambie wasimame, Papa Kalonda! Simama mlangoni!"

"Nilisimama, Mama. Balinitosha inje kwa nguvu."

Nilisikia kishindo kwenye simu. Nilikuwa na kanga ya msiba kiunoni, watu wananiangalia, na sikuweza hata kuwaeleza nalia nini.

Niliporudi nilikuta Papa Kalonda amehamia kwa shemeji yake Marshalltown, cherehani imekatika mguu. Alikuwa amejaribu kuokota vipande vya lipu, akavifunga kwenye shuka. Tulipoifungua, ndani mlikuwa na mchanga tu. Lipu ya zamani ile, imevunjikavunjika yote. Hapakuwa na herufi hata moja.

Nikamwita msanifu. Akaja na mchoro wake. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mtoto, kwamba chumba kile kiliongezwa baadaye, kwa hiyo hakikuwa sehemu ya nyumba ya asili, na karatasi niliyotia sahihi inasema viongezo vyote vitaondolewa.

"Na Selina?" nikamuuliza.

"Tunazo picha, Mama. Ziko kwenye faili letu."

Faili! Nilimwambia atoke kabla sijamtoa. Halafu ilinibidi nimpigie Lerato. Nilishika simu siku mbili nikaiweka. Nilipomwambia, aliuliza kama ukuta wote umekwenda. Nikasema wote. Akasema, "Asante kwa kuniambia," akakata. Afadhali angenitukana.

Wiki ya sikukuu ya urithi, mwezi uliopita, wakataka kuifungua nyumba rasmi. Wakaleta kibao cha shaba chenye jina la mjenzi aliyekaa hapa miaka michache tu, na chini yake maneno kwamba nyumba imeokolewa "baada ya miaka mingi ya kutelekezwa". Kutelekezwa! Wewe uliyekufa na rangi ya nyumba hii kwenye kucha! Nikafunga geti kwa kufuli. Wageni wakafika na suti zao, wakajaa barabarani hadi kwenye kona.

"Mama, watu wanasubiri," yule mwanamke wa miwani akaninong'oneza kupitia nondo.

"Nyumba ni yangu, na leo haifunguliwi."

"Tafadhali, tuyazungumze haya ndani."

"Tuyazungumze hapa hapa. Waambie wageni wako mlichobomoa."

Hakuwaambia. Nikawaambia mimi, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Wengine walitazama viatu vyao. Mzee mmoja alivua kofia. Wakaondoka, na kibao chao kikarudi kwenye gari.

Sasa sikia kilichonimaliza. Niliomba kibali cha kukijenga chumba upya, ili Papa Kalonda arudi. Wakakataa. Kwa kuwa nyumba sasa imehifadhiwa, siruhusiwi kujenga nyuma yake, eti kitaharibu sura yake ya kihistoria. Eish! Thandi aliposoma barua hiyo alilia, akasema kosa ni lake. Nimemwambia tuligawane, lipo la kututosha sote, na fungu lako nimekuwekea. Kwa nini hukuniambia kwamba mtu anaweza kuipenda nyumba na asiwaone waliokaa ndani yake? Miaka yote ile ya siasa hukujifunza hilo?

Nimeanza kujenga hivyo hivyo, bila kibali. Nilizikunja zile nyasi nikaziweka nje ya geti. Papa Kalonda anafyatua matofali, Thandi anabeba maji na kucha zake ndefu, na Jumamosi Lerato alikuja bila kuitwa, akavaa aproni, akachanganya saruji mpaka mchana. Kuta zimefika kwenye linta, juu ya dirisha. Haziwezi kuwa ule ukuta, sote tunajua. Juzi alikuja mkaguzi, akabandika karatasi getini. Nimeitwa kujieleza wiki ijayo. Huenda wakaniamuru nibomoe, na sijui nitafanya nini wakisema hivyo.

Nimegombana kwa Kiingereza miezi mitatu, nimechoka. Maneno yanakuja yamechelewa, na nikifika nyumbani ndipo nakumbuka nilichotaka kusema. Leo nimetaka kugombana na mtu kwa lugha yangu, na katika mji huu wote aliyewahi kunielewa nikikasirika kwa Kiswahili ni wewe.

Pumzika. Mimi bado sijamaliza.

Mkeo,
Mama Thandi